FELISITA HAKUWA MJAKAZI WA PERPETUA

Leo nataka kushindana kwa maneno. Sishindani na watu wa dini nyingine. Nashindana na sisi wenyewe, tuendao kanisani kila Dominika na kuwapa watoto wetu majina ya watakatifu. Neno langu nalisema wazi tangu mwanzo, ili asiyelitaka aufunge ukurasa mapema. Mtakatifu Felisita, shahidi wa Karthago, hakuwa mjakazi wa Mtakatifu Perpetua. Mtumwa alikuwa, sikatai. Lakini katika habari yao ya kale hapana mahali palipoandikwa ya kwamba Perpetua alikuwa bibi yake. Na sisi tusemao hivyo kila mwaka mwezi wa Machi twamnyang'anya shahidi wa Kristo kitu kilicho chake.

Sababu ya kuishika kalamu ni hii. Katika parokia moja, ambayo sitaitaja, palifanyika mchezo wa kuonyesha maisha ya mashahidi hao siku ya sikukuu yao, tarehe 7 Machi. (Wazee wenye misale za zamani watasema ni tarehe 6. Ni kweli, ilisogezwa mwaka 1908, ikarudishwa mahali pake mwaka 1969.) Perpetua alikuwa binti wa mmoja wa wakubwa wa kamati, amevikwa nguo nyeupe, na kitabu mkononi. Felisita alikuwa msichana afanyaye kazi za ndani katika nyumba ile ile. Yeye alipewa kikapu kichwani, na mgongoni alifungwa kwa kanga mtoto wa bandia, badala ya mtoto mchanga wa Perpetua. Katika mchezo mzima alikuwa na maneno mawili tu ya kusema: "Ndiyo, bibi," na tena, "Bibi, nitakufuata po pote uendako." Watu walipiga makofi sana. Nami nilipiga, maana mimi ndiye niliyewafundisha.

Nilipokuwa nikikusanya nguo za mchezo, msichana yule akanijia na kanga mkononi. Akaniamkia, kisha akasema, "Mwalimu, nami jina langu la ubatizo ni Felista. Sasa huyu somo wangu, alikufa kwa ajili ya Yesu, au kwa ajili ya bibi yake?"

Nilimjibu upesi, kama walimu tufanyavyo tusipojua. Nikasema, "Kwa ajili ya Yesu, bila shaka." Akanyamaza kidogo, akasema, "Lakini mchezoni sikusema hivyo." Akaweka kanga mezani akaenda zake, maana alikuwa akiitwa aoshe vyombo vya wageni.

Ndipo nilipokwenda kuisoma habari yenyewe, niliyokuwa nikiifundisha miaka mingi kwa kusikia tu. Na niliyoyasoma ndiyo haya.

Mwaka 203, Kaisari Septimius Severus akitawala, vijana wakatekumeni walikamatwa katika Afrika ya Kaskazini, upande wa nchi iitwayo leo Tunisia, jimbo la Waroma ambalo mji wake mkubwa ulikuwa Karthago. Aliyeikusanya habari yao hakutaja jina lake. Anawahesabu hivi: kwanza Revocatus, na Felisita mjoli wake, kisha Saturninus na Secundulus, na pamoja nao Vibia Perpetua, mwanamke wa ukoo wa heshima, aliyesomeshwa vizuri, ameolewa kwa ndoa ya halali, umri wake yapata miaka 22, ana mtoto mchanga anyonyaye. Mwalimu wao, Saturus, hakuwapo siku ile ya kukamatwa. Alikuja baadaye kwa hiari yake akajitia mikononi mwa wakamataji, asiwaache wanafunzi wake peke yao.

Hebu lishikeni neno hilo moja, mjoli. Msomaji wa Injili alijua tangu zamani, kwa mfano wa yule mtumwa aliyesamehewa deni kubwa asimsamehe mwenzake deni dogo. Mjoli ni mtumwa mwenzako, mliye naye chini ya bwana mmoja. Kwa Kilatini limeandikwa conserva, nalo limefungwa kwa Revocatus. Perpetua anatajwa mbali, mwisho wa orodha, na sifa zake za kiungwana. Kama mwandishi angalitaka kusema ya kwamba Felisita ni mjakazi wa Perpetua, asingalikosa neno. Waroma walikuwa na watumwa katika kila nyumba ya mwenye mali, na maneno ya mambo hayo yalijaa katika lugha yao. Wako wataalamu wadhanio ya kwamba mjoli hapo maana yake ni mwenzi katika utumishi wa Kristo, au kwamba wawili hao waliishi kama mume na mke. Na wadhani hivyo. Hata hao hawampeleki Felisita nyumbani kwa Perpetua. Ziko tena habari fupi za mashahidi hao hao, zilizotungwa baadaye, nazo zimebadili mambo mengi. Humo Felisita amefanywa kuwa umbu lake Revocatus. Hata humo hana bibi aitwaye Perpetua.

Nilipomwambia haya katekista mmoja mzee, mtu ninayemheshimu sana, alicheka akasema, "Mwalimu, wewe wapenda kubishana. Kama hawakuwa wa nyumba moja, mbona walikamatwa pamoja?" Nikamwuliza, "Baba, hao ishirini walio katika darasa lako la ubatizo, ni wa nyumba moja?" Akasema, "La." Nikamwuliza, "Na askari wakija leo Jumamosi saa nne, watawakuta wapi?" Hakunijibu tena. Watu hawa walifungwa pamoja kwa sababu ya darasa la ukatekumeni, wala hatuhitaji sababu nyingine. Mwungwana na mtumwa waliketi mbele ya mwalimu mmoja, Saturus, wakasikia mafundisho mamoja, na serikali ikawakuta mahali pamoja. Jambo hilo peke yake lingetosha kwa mahubiri ya siku nzima, nasi tumelificha nyuma ya kikapu.

Tena liko jambo lingine, lenye nguvu zaidi. Perpetua aliandika habari za kifungo chake mwenyewe, na maandiko yake yamo ndani ya kitabu kile. Ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa ya mwanamke Mkristo yaliyotufikia. Anaandika habari za baba yake, aliyemjia mara kwa mara kumsihi aikane imani, hata akambusu mikono na kumwita bibi badala ya binti. Anaandika giza la gereza na joto lake, na mashemasi wawili, Tertius na Pomponius, waliotoa fedha ili wafungwa wapelekwe kwa saa chache mahali penye nafuu. Anaandika habari za mama yake, na ndugu yake, na Saturus, na marehemu ndugu yake mdogo Dinocrates aliyekufa kwa donda la uso akiwa na miaka saba, na askari Pudens aliyeanza kuwaheshimu wafungwa. Felisita hamtaji hata mara moja.

Mtu aweza kuniambia, "Ndiyo desturi ya mabibi: mjakazi yupo mbele ya macho, naye haonekani." Neno hilo lauma, kwa kuwa twalijua nyumbani kwetu. Nakubali ya kwamba kunyamaza kwa Perpetua kwaweza kufasiriwa kwa njia mbili. Lakini ashikaye njia hiyo asituonyeshe mchezoni bibi na mjakazi wasioachana hata dakika moja, wakiambiana maneno ya mapenzi. Hayo hayamo kitabuni kabisa.

Na yule mtoto wa Perpetua, aliyefungwa mgongoni kwa kanga? Perpetua mwenyewe ameeleza yote. Mtoto alikuwa amedhoofika kwa njaa, naye akamnyonyesha; akamweka kwa mama yake na ndugu yake; kisha akapata ruhusa ya kukaa naye gerezani, na gereza likawa kwake kama jumba la kifalme. Baada ya hukumu ya liwali Hilarianus alituma shemasi Pomponius kumwomba baba yake ampe mtoto, na babu akakataa kumtoa. Mtoto hakulitaka ziwa tena, wala maziwa hayakumwumiza mama. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Felisita hakumbeba mtoto huyo hata saa moja.

Alikuwa na wake tumboni.

Hapo ndipo nilipoona haya. Katika kamati ya mchezo ilisemwa ya kwamba si adabu msichana kuonekana mjamzito mbele ya kanisa, na sehemu hiyo ikafutwa. Nami nikakubali. Basi tulimwondolea mtoto wake tumboni, tukamfunga mgongoni mtoto wa mwingine. Na fundo la ile kanga nililifunga kwa mkono wangu. Tulichokifuta kwa ajili ya adabu ndicho chenyewe alichokumbukwa nacho katika Kanisa tangu karne ya tatu. Sikilizeni.

Alipokamatwa alikuwa na mimba, na siku ya michezo ilipokaribia ilikuwa ya miezi minane. Michezo ile ilifanywa kwa kuadhimisha siku ya kuzaliwa kwa Geta, mwana wa Kaisari, na Wakristo walikuwa wameandikiwa kuuawa na wanyama mbele ya watu. Sheria ya Waroma ilikataza mwanamke mjamzito asiuawe. Mtu wa kawaida angalishukuru sheria hiyo. Felisita alihuzunika, aliogopa asije akabakizwa nyuma, akauawa siku nyingine pamoja na wanyang'anyi na wauaji. Wenzake nao walihuzunika, wasitake kumwacha mwenzi mwema kama huyo aende peke yake katika njia ya tumaini lile lile. Ndivyo anavyoitwa humo: mwenzi. Siku mbili kabla ya michezo wakaomba wote kwa kuugua kwa pamoja, na mara baada ya sala uchungu ukamshika.

Kuzaa mtoto wa miezi minane ni kazi ngumu, na akina mama wasomao haya hawahitaji kuambiwa na mwanamume. Alipolia kwa maumivu, mtumishi mmoja wa walinzi wa gereza akamdhihaki: ikiwa sasa analia hivi, atafanyaje atakapotupwa kwa wanyama, ambao aliwadharau alipokataa kutoa sadaka? Na huyu mtumwa, amelala sakafuni katika utungu, alimjibu ya kwamba maumivu ya sasa anayaumwa yeye mwenyewe. Lakini kule atakuwako mwingine ndani yake, atakayeumwa kwa ajili yake, kwa kuwa yeye naye ataumwa kwa ajili ya huyo mwingine.

Nimesoma vitabu vingi vya maelezo ya dini, navyo vina maneno marefu juu ya Kristo kuteswa ndani ya viungo vyake. Sijaona jibu fupi kuliko hilo, na lilitoka kwa mjakazi mbele ya mlinzi wa gereza, pasipo mwalimu wa kumnong'oneza. Nasi tulimpa maneno mawili: "Ndiyo, bibi."

Akazaa mtoto wa kike. Dada mmoja akamchukua akamlea kama binti yake. Tafakarini jambo hili, ninyi mnaojua habari za utumwa wa pwani yetu kwa masimulizi ya babu zenu. Kwa sheria ya Waroma mtoto wa mjakazi alikuwa mali ya mwenye mjakazi, kama ndama alivyo mali ya mwenye ng'ombe. Jina lenyewe la Felisita, maana yake heri, lilikuwa la namna ambayo mabwana waliwapa watumwa wao, kama vile huku kwetu walivyoitwa Mabruki, na Baraka, na Bahati, majina mema juu ya watu wasiokuwa na mema. Perpetua ana majina mawili, na lile la kwanza ni la ukoo wake. Felisita ana moja. Mwili si wake, jina alipewa, na mtoto angaliweza kuuzwa. Kitu kimoja tu hakikuwa cha bwana wake, nacho ni lile ungamo la imani. Hilo alilitoa yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, pasipo ruhusa ya mtu. Sasa twaja sisi, Wakristo, baada ya miaka zaidi ya 1800, tunasema, "Alimfuata bibi yake." Hata hicho kimoja twampa bibi!

Tena twamharibia Perpetua naye. Ni sifa gani kwa mwanamke kumchukua mjakazi wake mjamzito mpaka kwenye meno ya wanyama? Perpetua hakufanya hivyo, wala hastahili kusingiziwa. Yaangalieni aliyoyafanya. Siku ya michezo walitaka kuwavika nguo za dini ya uongo, wanaume kama makuhani wa Saturnus, wanawake kama wale waliowekwa wakfu kwa Ceres. Alikataa, na jemadari akashindwa. Kisha wanawake hawa wawili wakaandaliwa ng'ombe jike mkali. Wakavuliwa, wakatiwa katika nyavu, wakatolewa uwanjani. Hata watu wale waliokuja kutazama damu walishtuka walipoona mmoja ni kijana laini, na mwingine ametoka kuzaa majuzi, maziwa yanamtoka. Wakarudishwa, wakavikwa nguo zisizofungwa mshipi.

Perpetua alirushwa kwanza akaanguka. Akaketi, akaivuta nguo yake iliyopasuka ajifunike paja, akatafuta pini aziweke nywele zake vizuri, maana nywele zilizofumuka zilikuwa ishara ya msiba, naye hakuwa na msiba. Kisha akainuka. Akamwona Felisita amebamizwa chini, akamwendea, akampa mkono, akamwinua. Wakasimama wote wawili pamoja. Ugumu wa watu ukashindwa, wakaitwa warudi kwenye lango la walio hai.

Hapo ndipo pa pekee katika kitabu kizima tunapomwona Perpetua akimtendea Felisita jambo lo lote. Na ni mwungwana aliyeinama, akampa mkono mtumwa. Katika mchezo wetu tulikuwa tumeligeuza: Felisita ndiye aliyemkimbilia bibi na kumpangusa vumbi. Nani aliyetuambia? Hakuna. Tulidhani tu ya kwamba ndivyo ilivyopasa kuwa, kwa kuwa ndivyo ilivyo majumbani mwetu.

Mwisho wao mwaujua. Walipeana busu la amani, wakauawa kwa upanga. Kijana aliyemchoma Perpetua alikuwa mgeni wa kazi, akampiga penye mfupa. Akalia kwa maumivu, kisha yeye mwenyewe akauongoza ule mkono uliotetemeka mpaka kooni pake. Secundulus alikuwa amekwisha kufa gerezani.

Sasa juu ya heshima waliyopewa na Kanisa. Katika orodha ya kale ya mashahidi iliyoandikwa Roma mwaka 354, siku ya 7 Machi, wametajwa wote wawili, wa Afrika. Katika Sala kubwa ya Misa ya Kiroma, ile ya kwanza, padre akifika kwa watakatifu wanawake asema Felisita, kisha Perpetua, mtumwa ametangulia. Sitaki kujenga nyumba yangu yote juu ya nguzo hiyo, maana wako wasemao ya kwamba Felisita huyo ni yule wa Roma, mama wa wana saba, ambaye siku yake ni 23 Novemba. (Wengi huwachanganya wawili hawa. Mwenye binti aitwaye Felista na amwulize padre ni yupi.) Lakini lipo jiwe. Mwaka 1907, katika magofu ya kanisa moja la kale huko Karthago, Padre Delattre wa shirika la Mapadre Weupe, lile shirika lililofika Buganda na ziwa Tanganyika mwaka 1879, alikusanya vipande vya jiwe lenye majina ya mashahidi hao: Saturus, Saturninus, Revocatus, Secundulus, Felisita, Perpetua. Jiwe halikuchongwa siku zile za mateso, ni la baadaye. Hata hivyo ni la watu wa mji wao wenyewe, na hapo hakuna mashaka ni Felisita yupi. Na watu wale hawakuona aibu kumtanguliza.

Mtakatifu Augustino naye, aliyekuwa Askofu wa Hippo, aliwahubiri siku ya sikukuu yao, akapenda kuyaunganisha majina yao mawili, kwa sababu kwa Kilatini yakiwekwa pamoja yana maana ya heri ya milele. Mchezo wa maneno ni mzuri. Ila naogopa ya kuwa tangu hapo watu wengi wameshika majina wakasahau wenye majina, na Felisita amekuwa kama nusu ya pili ya jina la Perpetua.

Wako watakaosema, "Mwalimu, jambo dogo hili. Awe mjakazi wa Perpetua au wa mwingine, mbinguni wote ni sawa." Mbinguni, ndiyo. Mimi nazungumza habari za kijijini. Vijijini mwetu na mijini wako wasichana wengi waitwao Felista na Perpetua na majina mengine ya watakatifu, wafanyao kazi katika nyumba za Wakristo. Wanaamka kabla ya adhana na kengele, wanawapeleka watoto wa wenyewe shule ambayo wao hawakuimaliza, na Dominika wanabaki kulinda nyumba ili wenye nyumba waende Misa ya pili. Nimepitia daftari la darasa la Kipaimara katika mtaa wetu. Katika wasichana wanne niliowajua kuwa watumishi wa nyumbani, mmoja tu ndiye anayefika kila Jumamosi. Niliuliza kwa nini. Nilijibiwa na mama mmoja mwenye heshima zake, "Mwalimu, Jumamosi ni siku ya kufua. Na yeye ameridhika, hajalalamika."

Mama huyo ana picha ya mashahidi wa Karthago sebuleni. Ndani yake mwanamke mwenye nguo ya thamani amesimama mbele, na nyuma yake, ameinama, yuko mwingine. Nilimwonyesha. Nikamwambia, "Mama, huyu wa nyuma ndiye aliyekuwa darasani siku ile askari walipokuja. Kama bwana wake angalimzuia kwa ajili ya kufua, leo tusingalikuwa na jina la kumpa mtoto." Hakukasirika. Alisema atafikiri. Wiki mbili zimepita.

Simdai mtu awatoze watu wake nguo za waungwana, wala asiwape kazi. Kazi si utumwa, na mshahara wa haki ni mshahara wa haki. Nadai mambo mawili. La kwanza, saa mbili za Jumamosi. Mkatekumeni na mwanafunzi wa Kipaimara asifungiwe jikoni wakati mwalimu wake anapomngoja, na mwenye nyumba asihesabu ya kwamba imani yake yeye yamtosha na mtumishi wake. La pili, tuache kuwaambia wasichana hawa ya kwamba utakatifu wa Felisita ulikuwa kumtii Perpetua. Neno hilo wanalisikia kwa masikio mawili. Wanajua limetoka kinywani mwa nani, na kwa faida ya nani.

Karatasi za mchezo ule ninazo hapa mezani, maana kamati imeniomba niutengeneze tena kwa mwaka ujao. Palipoandikwa "Felisita, mjakazi wa Perpetua," nimefuta, nimeandika "Felisita, mjoli wa Revocatus." Kikapu nimekitoa. Kanga itabaki, lakini atajifunga tumboni. Maneno yake sasa ni ya ukurasa mzima, na yule mlinzi wa gereza nimemwekea mwanangu, maana ana sauti ya dharau. Kama kamati haitaki, na waniambie, nami karatasi hizi nitazipeleka parokia nyingine. Ila msichana yule amekwisha kuyashika maneno yote kwa moyo. Nilimsikia juzi kisimani akiyasema, akichota maji.